Waya mnene wa mjomba

Najua nimepotea hapa muda mrefu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisco. Sijadisco jamani. Nilikuwa BTP, yale mazoezi yetu ya kufundisha, huko mkoani Tanga. Nimerudi chuo Jumapili, boom halijaingia, mama ntilie ananiandika kwenye daftari lake la madeni, kwa hiyo muda wa kukaa na kuandika ninao wa kutosha.

Leo nataka niwasimulie habari ya waya. Ndiyo, waya. Wale wenzangu wa Fizikia mtanielewa haraka. Wale wa Historia na Kiswahili vumilieni kidogo, hesabu si nyingi, na mwisho wa yote habari yenyewe si ya waya peke yake.

Huko Tanga nilifikia kwa mjomba wangu. Mjomba amestaafu zamani. Ujana wake wote alikuwa mtu wa redio kwenye meli, anaongea kwa vidole, ile Mosi ya nukta na vistari. Sasa hivi ana leseni ya redio ya ridhaa, wale watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi yao na kuongea na wenzao nchi za mbali bila kulipwa senti. Ukisikia alama ya kituo inaanza na 5H ujue ni Tanzania. Ana chumba kidogo uani, ukiingia unakuta redio, saa mbili ukutani, na kikombe cha kahawa kisichooshwa. Mkaza mjomba chumba kile anakiita "ofisi ya upepo".

Siku niliyofika nikaamkia, "Shikamoo mjomba." Akajibu, "Marahaba mjomba. Umekuja wakati wake, tuna antena ya kutundika."

Shughuli ilikuwa hivi. Redio yake inatoa wati 100. Rafiki yake mmoja alikuwa amemwachia amplifaya ya kufikisha wati 1000, na mjomba alikuwa bado anafuatilia kibali cha kutumia nguvu hiyo. Hilo ni jambo la leseni, kila nchi na kiwango chake, Marekani kwa mfano mwisho ni wati 1500. Mjomba akasema hata kama kibali kitachelewa, antena tuijenge kabisa ya kubeba wati 1000, ili siku kikija tusianze upya. Antena yenyewe ni ile rahisi kuliko zote, daipoli: waya mmoja mrefu uliokatwa katikati, kebo inaingia hapo kati, miguu miwili inakwenda kushoto na kulia. Kwa masafa ya megahezi 7.1 unachukua 143 unagawanya kwa 7.1, unapata kama mita 20.

Akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu wa Fizikia. Tuweke waya wa unene gani?"

Wadau, swali hilo sikulifikiria hata sekunde tatu. Wiki ileile nilikuwa nafundisha kidato cha tatu mambo ya ukinzani: waya ukiwa mrefu ukinzani unaongezeka, ukiwa mnene unapungua. Wati 1000 ni nguvu kubwa, nguvu kubwa inataka waya mnene. Nikasema, "Mjomba, hapo ni waya wa 6. Na nitanunua mimi."

Mjomba akanitazama. Akasema, "Mnene sana huo." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikachomoa hela ya BTP, karibu laki moja, nikanunua mita 25 za waya wa 6, yaani milimita 6 za mraba, ule fundi umeme anavuta kwenda kwenye jiko kubwa. Niliubeba begani tangu dukani mpaka nyumbani, najiona mtu wa maana.

Kabla sijafika kwenye upepo nirudi kidogo darasani, maana mambo haya mawili yalitokea wiki moja.

Ilikuwa siku ya kuasesiwa. Mnajua siku ile inavyokuwa. Msimamizi amekaa nyuma na fomu yake, wewe jasho linatiririka mpaka kwenye chaki. Somo langu lilikuwa hilohilo, mambo yanayoathiri ukinzani wa waya. Ubao nimeupanga vizuri, mifano ipo, zana za kufundishia zipo. Nikauliza kama kuna swali, kwa ile sauti ya kuombea lisiwepo. Binti mmoja wa dawati la pembeni akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama waya mnene ndio unapitisha umeme vizuri, mbona antena ya TV ni bomba? Ndani tupu. Kwa nini wametoa nyama ya katikati?"

Darasa likacheka. Msimamizi akainua kichwa. Mimi jibu sikuwa nalo. Badala ya kusema sina, nikasema, "Hiyo ni kwa ajili ya wepesi tu. Na haimo kwenye mada. Usituletee maswali ya kuvuruga kipindi. Kaa chini."

Akakaa. Kipindi kikaisha, msimamizi akanipa alama nzuri tu, akaandika kwamba darasa ninalimudu. Yule binti tangu siku ile hakunyoosha mkono tena. Nilimuona, na nikajifanya sikumuona.

Haya, turudi uani kwa mjomba. Jumamosi tukamwita mkwezi, akapanda mnazi mmoja na kufunga kamba ya upande wa mashariki. Upande wa pili tukasimamisha bomba la maji kwenye ukuta wa jiko la nje. Shaba peke yake katika mita 20 za waya wa 6 inapita kilo 1, bado plastiki yake, na bado kebo inayoning'inia katikati. Unaweza kusema kilo moja na kitu ni nini? Shida ni kwamba waya hautaki kulala sawa. Ukitaka katikati ubonyee sentimita 30 tu, unauvuta kwa nguvu ya kilo 10 na zaidi kila upande, na hapo kebo sijaihesabu. Tukavuta. Ukanyooka. Nikapiga picha.

Usiku wa tatu kusi likavuma. Mnazi ukicheza unakwenda mbali, na waya wangu haukuwa na pa kulegea. Bomba likapinda kama mgongo wa kobe, waya wote ukaja chini, ukapiga bati la jiko na kung'oa kona ya banda la kuku. Mkaza mjomba alikuwa ametoka jikoni dakika chache tu kabla, ameingia ndani na sufuria ya chai. Asubuhi nilisimama pale alipokuwa amesimama, nikatazama bomba lilipoangukia. Sikunywa chai siku hiyo.

Mjomba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikusanya waya akauzungusha vizuri, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Mjomba, lete daftari. Huo mkondo unapita wapi ndani ya waya?"

Nikasema unapita kwenye waya wote.

"Umeme wa ukutani, sawa. Wa redio sivyo."

Basi ndiyo nikasomeshwa pale chini ya mnazi, mimi mwaka wa tatu. Mkondo unaogeuka haraka sana unasukumwa kwenda juu ya waya, kwenye ngozi. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ngozi hiyo inavyokuwa nyembamba. Kwa shaba chukua milimita 0.066, gawanya kwa kipeuo cha pili cha megahezi. Kwa 7.1 unapata milimita 0.025. Huo ni wembamba kuliko unywele wa kichwa. Kwenye kina hicho mkondo umeshapungua hadi asilimia 37 hivi ya ule wa juu kabisa, ukizama zaidi unazidi kuisha. Nyama yote ya katikati niliyoilipia haina kazi ya umeme. Imo mle kama abiria.

Na hapo ndipo hesabu yangu ya darasani inapovunjika. Kwa umeme wa betri, ukiongeza kipenyo cha waya mara mbili ukinzani unashuka hadi robo. Kwa redio, kinachohesabika ni mzunguko wa nje wa waya, kwa hiyo ukiongeza kipenyo mara mbili ukinzani unashuka hadi nusu tu, lakini uzito unapanda mara nne. Unalipa nne unapata mbili.

Akaniambia nihesabu mkondo. Daipoli ikiwa juu wazi, pale katikati inaonyesha kama omu 73. Wati 1000 gawanya kwa 73, chukua kipeuo cha pili, ni ampea 3.7. Mjomba akacheka. "Pasi ya mkaza mjomba wako ya wati 1000 inavuta ampea zaidi ya 4, na waya wake ukiutazama ni kama uzi." Wati 1000 zilinitisha kwa jina tu.

Halafu tukahesabu upotevu. Mkondo ni mkubwa katikati na unakwisha kabisa kwenye ncha, kwa hiyo ukinzani wa waya mzima unahesabiwa nusu yake. Kwa waya wa 6 nikapata kama omu 0.8, zinapotea wati 11 katika 1000. Kwa waya wa 2.5 ni omu 1.24, wati 17. Kwa waya wa 1.5 ni omu 1.6, wati 21. Hata waya mwembamba wa kipenyo cha nusu milimita unapoteza wati 57 tu. Yaani kutoka waya wa 1.5 kwenda wa 6, shaba mara nne, nimeokoa wati 10 katika 1000. Mtu anayenisikiliza nchi nyingine hawezi kuitambua tofauti hiyo hata akiweka sikio ndani ya spika. Na joto? Pale katikati palipo na mkondo mwingi, waya wa 1.5 unapata kama wati 2 na kidogo kwa mita nzima. Kunguru akitua hatagundua chochote.

Nikamuuliza, sasa kwa nini watu wanaogopa nguvu kubwa? Akanijibu kwamba wanaogopa mahali pasipo.

Kwanza ni ncha. Katikati ya daipoli mkondo ni mwingi na volti ni chache, nchani ni kinyume chake. Kwa wati 1000 ncha zinafika maelfu ya volti. Vihami viwe vizuri, ncha ziwe juu mikono isikofika, na zisielekee kabisa kwenye nyaya za umeme wa mtaani. Akanisimulia habari ya kituo cha HCJB kule Quito, Ecuador, mji ulio juu mlimani, kama mita 2,800 kutoka usawa wa bahari. Miaka ya 1940 antena yao ilikuwa inatoa moto kwenye ncha, alumini inayeyuka, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na inapasuka kwa volti chache zaidi. Mhandisi wao, Clarence Moore, hakwenda kuongeza unene. Alikunja waya ukawa mraba uliofungwa, usio na ncha. Antena hiyo inaitwa kwadi na inatumika mpaka leo.

Pili ni viungo: kebo, plagi, na ile baluni ya katikati inayounganisha kebo na miguu ya antena. Hivyo ndivyo vinavyopata moto. Tatu ni antena fupi. Akanipa mfano wa pete ya shaba ya kipenyo cha mita 1 kwa masafa hayohayo. Ukinzani wake wa kurusha mawimbi ni kama omu 0.006. Hapo kila kipande cha omu kinauma. Ukitumia bomba la shaba la milimita 22, wati 1000 zinasukuma ampea zaidi ya 160, na bado zinazoruka hewani ni kama asilimia 16. Ukitumia waya wa milimita 2 hazifiki hata asilimia 2. "Hapo ndipo unene una maana," akasema. "Antena ndefu inakusamehe, antena fupi haisamehi."

Kwa hiyo kwenye daipoli unene unaupima kwa upepo, uzito na mvuto. Shaba laini ya madukani inarefuka ikivutwa sana, na antena ikirefuka masafa yake yanashuka. Wenye waya wa chuma uliovikwa shaba wanapata nguvu ya chuma na ngozi ya shaba, na kwa kuwa mkondo unapita kwenye ngozi, hawapotezi kitu kikubwa. Pwani lakini chumvi ikiikuta chuma imechubuka, kutu inaanza.

Alipofika kwenye ngozi na bomba nilikuwa nimeshanyamaza. Antena ya TV ni bomba. Ndani tupu. Wametoa nyama ya katikati kwa sababu haifanyi kazi yoyote, na kipenyo kikubwa kikabaki bila uzito. Yule binti aliuliza swali lilelile ambalo lingeniokolea laki moja na kona ya banda la kuku. Nilimwambia akae chini.

Nikamsimulia mjomba. Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Bado una vipindi pale?"

Nilikuwa na wiki moja.

Jumatatu niliingia darasani bila zana. Niseme ukweli wadau, niliogopa kuliko siku ya msimamizi. Nikawaambia, wiki iliyopita mwenzenu aliuliza kwa nini antena ni bomba, nikamjibu vibaya. Jibu sikuwa nalo, na badala ya kusema sina nikamnyamazisha. Nikawachorea duara ubaoni, nikapaka chaki ukingoni tu, nikaeleza. Nikawaambia na habari ya bomba lililopinda, wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia. Yeye hakucheka. Alikuwa anaandika, kichwa chini. Nikadhani ndiyo basi.

Kengele ilipolia akaja mbele, daftari kifuani. "Samahani mwalimu. Kwa hiyo nyaya za nguzo za umeme nazo wangefanya bomba?"

Nikasema, "Sijui. Tuhesabu." Umeme wa nguzo ni hezi 50. Kutoka megahezi 1 hadi hapo umegawanya kwa 20,000, kipeuo chake cha pili ni 141 hivi. 0.066 mara 141 ni milimita 9.3. Ngozi ya milimita 9! Waya mwembamba wa mtaani wote ni ngozi, hakuna nyama ya kutoa. Alihesabu yeye, chaki nilimpa yeye. Alipomaliza akalitazama jibu, akasema "Aaa," akaenda zake kuchota maji.

Antena tuliifunga upya kwa waya wa 2.5. Tuliuvuta kwanza chini ukarefuka kinachorefuka, tukauacha mrefu kidogo, halafu tukaupunguza mpaka masafa yakakaa sawa, maana plastiki nayo inafanya waya uonekane mrefu kuliko ulivyo. Kwenye mnazi tukaweka kapi, kamba ikapita, mwisho wake ndoo ya mchanga. Mnazi ukicheza ndoo inapanda na kushuka, waya haujali. Kibali cha wati 1000 hakikuwa kimetoka mpaka naondoka. Kwa wati zake 100, usiku wa pili mjomba akajibiwa kwa Mosi na kituo kinachoanza na A4, Omani. Aliandika kwenye kitabu chake kwa mwandiko mzuri sana.

Waya wangu wa 6 haukutupwa. Tumeutumia kwenda ardhini kutoka kwenye nguzo mpya ya antena, kazi ambayo unene wake haupotei bure. Banda la kuku nililitengeneza mwenyewe, na mkaza mjomba bado ananiita "injinia".

Fomu ya msimamizi imeshafika idarani na alama zangu ni zilezile, "darasa analimudu". Nimeisoma juzi, nikairudisha kwenye bahasha.

Haya wadau, mama ntilie anafunga saa mbili. Mliokuwa BTP mikoa mingine leteni zenu.